Diski Iliyokufa kwa Joto Kwenye Baridi ya Mbeya: Uchambuzi wa Kisa cha Studio Moja

Kisa hiki kinahusu studio moja ya picha na video ya Mbeya mjini, jirani na Mwanjelwa. Ndani ya kipindi kifupi studio hiyo ilipoteza diski mbili za kompyuta ileile, na ya pili ilikufa ikiwa na harusi ambazo wenyewe walikuwa bado hawajakabidhiwa. Mwenye studio ameniruhusu nikieleze kwa kirefu, bila kutaja jina lake wala la studio. Nimeona kinafaa kuelezwa kwa sababu karibu kila aliyeulizwa, mafundi wakiwemo, aliiweka kando sababu yenyewe tangu mwanzo kwa hoja moja: Mbeya ni baridi, diski haiwezi kufa kwa joto.

Hoja hiyo ina mashiko yake. Mji uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi watu wanafungua maduka wakiwa na makoti. Ukilinganisha na Dar es Salaam, ambako chumba kisicho na kiyoyozi kinaweza kushinda kwenye nyuzi 30 na zaidi, unaona kabisa kwa nini mtu wa Mbeya hana wasiwasi na joto la kompyuta. Shida ni kwamba diski haikai mjini. Inakaa ndani ya sanduku la bati, na sanduku hilo nalo linakaa mahali fulani. Hewa ya mahali hapo ndiyo hali ya hewa ya diski.

Hali tuliyoikuta

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ile tunayozoea kuiita CPU, yenye kadi ya picha nzuri kwa ajili ya kurenda video, yaani kuigeuza video iliyohaririwa kuwa faili kamili. Ndani mlikuwa na diski mbili za inchi 3.5, za mizunguko 7,200 kwa dakika, zimefungwa moja juu ya nyingine kwenye vishikio vinavyofuatana, bila hata upana wa kidole katikati. Ya chini ilibeba mfumo wa kompyuta. Ya juu, iliyobanwa kati ya mwenzake na dari ya sanduku, ilibeba kazi za wateja. Diski ya kwanza kufa ilikuwa kwenye kishikio hichohicho cha juu.

Duka la jirani liliwahi kuvunjwa usiku, kwa hiyo mwenye studio alimpa kazi seremala amtengenezee kabati la mbao za paini lenye kufuli. Kazi ilikuwa safi. Mbao zimebanwa vizuri, mlango unafunga barabara, na kwa nyuma kuna tundu moja tu la kupitishia nyaya. Kompyuta iliingizwa humo, pembeni yake ikawekwa UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, na juu ikatandikwa kitambaa ili vumbi la kiangazi lisiingie. Mwanzoni mlango ulikuwa unaachwa wazi mchana. Baadaye feni zikaanza kuvuma sana wakati wa kurenda, wateja wakawa hawasikilizani na mhudumu, mlango ukafungwa. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyokuwa ya kizembe. Wizi upo, vumbi lipo, na kelele zile zilikuwa zinakera kweli. Nalisisitiza hili kwa sababu nimesikia watu wakimlaumu mwenye studio, na lawama hiyo si ya haki.

Dalili zilifuata utaratibu ambao ulipaswa kumshtua mtu mapema. Asubuhi kompyuta inawaka na kufanya kazi vizuri. Kuanzia kama saa nne video zinakwamakwama, kunakili mafaili kunasimama katikati. Wakizima wakaenda kula, wakirudi saa nane mambo ni mazuri tena kwa muda. Wiki za mwisho diski ikaanza kugonga, tik tik, kisha kimya, kisha tik tik tena.

Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Fundi aliyebadilisha diski ya kwanza alisema ilikuwa feki. Kijana anayehariri video alishuku virusi. Mwenye studio alishuku umeme, na alikuwa na ushahidi: UPS ilikuwa haishiki tena hata nusu dakika, umeme ukikatika kompyuta inazima palepale. Nilipotaja joto alinijibu kwa upole kabisa: "Fundi, hapa tunavaa masweta mpaka saa tano. Hiyo diski itapata joto wapi?"

"Mama, tuiulize yenyewe," nikamwambia.

Diski inajiandikia

Hilo si fumbo. Karibu kila diski ina kihisi cha joto ndani, na ina kumbukumbu inayoitwa S.M.A.R.T. ambamo inajihesabia mambo yake: saa ilizofanya kazi, mara ilizowashwa, sekta (vipande vidogo vya diski vinavyotunza data) zilizoharibika, joto la sasa. Kwenye Windows, programu ya CrystalDiskInfo inasoma hayo kwa kubofya tu. Mimi hupenda programu nyingine, smartmontools, kwa kuwa inafika mbali zaidi. Baadhi ya diski zinatunza hata historia ya joto, kipimo kwa kipimo, kwa mamia ya vipimo vya mwisho, pamoja na joto la chini na la juu kabisa kuwahi kufikiwa tangu diski ianze kazi. Amri ni smartctl -l scttemp ikifuatwa na jina la diski. Watu wengi hawaijui, na katika kisa hiki ndiyo iliyomaliza ubishi.

Tuliacha kila kitu kama kilivyokuwa, mlango umefungwa, kijana anarenda. Joto la chumba: nyuzi 18. Joto la hewa ndani ya kabati, nililolipima kwa mita yenye waya wa kupimia joto uliopitishwa kwenye lile tundu la nyuma: nyuzi 42. Diski ya juu: nyuzi 58. Ya chini: 55.

Kutoka 18 hadi 58, na dirishani unaona watu wamejifunika mashuka.

Kabati lile lilikuwa limefanya kazi ileile ya kuvundika ndizi: unafunga vizuri, kinachotoka kwenye kitu chenyewe hakina pa kwenda, kinarudi kukiivisha. Diski moja ya inchi 3.5 ikiwa kazini hula takriban wati 6 hadi 8, na karibu zote huishia kuwa joto. Hizo ni chache. Lakini kadi ya picha na prosesa wakati wa kurenda hutoa mara nyingi zaidi ya hapo, na UPS nayo inaongeza ya kwake. Feni za kompyuta zilikuwa zinazunguka kwa nguvu zote, ila zilikuwa zinavuta hewa ileile zilizoitoa dakika moja kabla. Ndiyo maana zilivuma.

Ipo sababu nyingine ndogo ya kwetu sisi wa nyanda za juu, na sijaona ikizungumzwa. Hewa ya mita 1,700 ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko hewa ya pwani. Feni hupimwa kwa ujazo wa hewa inayosukuma, na ujazo haubadiliki, ila uzito wa hewa ndani ya ujazo huo umepungua, na uzito ndio unaobeba joto. Kwa hiyo feni ileile, kwa kasi ileile, inapoza kidogo pungufu Mbeya kuliko Tanga. Baridi ya chumba inafidia hilo na kubakisha, mradi hewa ya chumba inaifikia diski. Ukiifungia nje, unabaki na upungufu bila fidia.

Je, nyuzi 58 ni nyingi?

Hapa ndipo ubishi wa kweli ulipo, na unastahili kupewa nafasi. Karatasi ya vipimo ya diski ya kawaida ya mezani huruhusu kazi kati ya nyuzi 0 na 60. Nyingine huanzia 5, na baadhi hufika 65. Kwa maandishi, basi, diski ya nyuzi 58 haijavunja sheria. Kijana wa studio aliisoma karatasi hiyo mtandaoni na akaniambia hivyo, na alikuwa sahihi kuhusu kilichoandikwa.

Mpaka, hata hivyo, ni mahali ambapo mtengenezaji anakubali diski ifanye kazi. Hasemi kwamba itaishi umri wake wote pale. Makadirio ya umri ya baadhi ya diski za seva hufanywa kwa kuchukulia joto la nyuzi 40 tu, na hilo limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi hizohizo.

Utafiti nao unahitaji kusomwa kwa makini. Mwaka 2007 Eduardo Pinheiro na wenzake wawili wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, na wengi walishangaa: katika joto la kati, joto kubwa zaidi halikwenda sambamba na kufa zaidi, na diski zilizokaa kwenye ubaridi mwingi zilikufa zaidi ya zile za vuguvugu. Joto lilionekana kuumiza kwenye ncha ya juu kabisa, hasa kwa diski za umri wa miaka mitatu na kuendelea. Mwaka 2014 Backblaze, wanaohifadhi data kwa maelfu ya diski, nao walisema hawakuona uhusiano wa maana kwa aina nyingi walizonazo. Upande mwingine, uchunguzi wa mwaka 2011 wa watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Virginia uliona joto linahusiana na vifo vya diski kuliko hata wingi wa kazi.

Mimi sioni mgongano mkubwa. Diski za Google na Backblaze zilikuwa kwenye vyumba vya seva ambako hewa inasukumwa mchana na usiku. Zinazofika 50 humo ni chache. Mtu akisema kwamba kati ya 30 na 42 hakuna tofauti, ninakubaliana naye bila shida, na ninawasihi wateja wasihangaike kuishusha diski kutoka 38 hadi 30. Kuchukua jibu hilo na kuliweka kwenye kabati la nyuzi 58 ni kulibebesha mzigo ambao watafiti wenyewe hawakuubeba.

Kazini kwangu naenda hivi. Kati ya 25 na 40 sina neno. Ikifika 45 nafungua sanduku kutazama feni na vumbi. Ikipita 50 siiachi mpaka nijue kwa nini. Kuanzia 55 naihesabu kuwa dharura, karatasi iseme nini.

Jambo lililonisumbua zaidi ya 58 yenyewe lilikuwa kwenye historia. Kipimo cha kwanza cha asubuhi kilikuwa nyuzi 12, maana kabati lilikuwa limelala na baridi ya Mbeya usiku kucha. Saa moja baadaye, mlango umefungwa na kazi imeanza: 41. Nyuzi 29 ndani ya saa moja. Watengenezaji huweka mpaka kwenye kasi hiyo pia, na kwa diski nyingi za mezani ni nyuzi 20 kwa saa wakati wa kazi. Diski iliyo kwenye kabati kama hilo pwani ingeanzia 27 au 28, ingefika pabaya vilevile, lakini mwendo wake ungekuwa mfupi. Baridi, ambayo kila mtu aliihesabu kama ngao, ilikuwa imeirefushia diski safari ya kila siku.

Safari hiyo ni ya chuma na mafuta. Sahani zinazobeba data, mkono unaoshika kichwa cha kusomea, na kiunzi cha diski hutanuka kwa viwango tofauti vinapopata joto. Njia za data kwenye sahani ni nyembamba mno, upana wake unahesabiwa kwa nanomita, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa mto wa hewa wa nanomita chache tu. Diski ina mbinu za kujirekebisha, na inajirekebisha muda wote. Mafuta ya beringi nayo ni mazito kwenye ubaridi na mepesi kwenye joto. Kila asubuhi mota ilianza kazi kwenye mafuta mazito, kisha ndani ya saa mbili ikawa inazunguka kwenye hali tofauti kabisa. Kwa haki niseme kwamba uchunguzi ule wa 2011 haukuona mabadiliko ya joto yakiumiza sana, ila walieleza wenyewe kuwa kwenye vituo vyao mabadiliko hayo hayakuwa makubwa. Nyuzi 12 hadi 58 kila siku ya kazi ni habari nyingine.

Washukiwa wengine

Kukuta joto kubwa hakutoshi kulihukumu. Tulipitia washukiwa wengine mmoja mmoja.

Waya wa data uliondoka haraka kwenye orodha ya washukiwa: hesabu ya makosa ya waya, namba 199 kwenye orodha ya S.M.A.R.T., ilikuwa sifuri. Virusi navyo haviharibu sekta wala haviifanyi diski igonge.

Diski feki ni mshukiwa wa kweli Tanzania. Zipo zilizofanyiwa ukarabati, hesabu zikarudishwa sifuri, zikauzwa kama mpya. Kwa bahati tulikuwa na shahidi. Diski ya pili ilinunuliwa pamoja na mwenzake wa aina ileile, dukani kulekule, siku ileile, na mwenzake huyo alifungwa kwenye kompyuta ya mapokezi inayokaa juu ya meza, hewa inapita. Umri mmoja, asili moja. Ile ya mapokezi ilikuwa na nyuzi 34 na haikuwa na sekta hata moja mbovu. Ile ya kabatini ilikuwa na mamia ya sekta mbovu ambazo data zake zilihamishiwa kwingine, namba 5, na nyingine nyingi zinazosubiri hukumu, namba 197. Kompyuta ya mapokezi haifanyi kazi nzito kama ya kurenda, kwa hiyo siwezi kuuita ulinganisho kamili. Lakini ulitosha kuniondolea wazo la feki.

Umeme ulibaki, na jibu lake ndilo lililonifundisha zaidi katika kisa hiki. Hesabu ya vichwa kurudishwa kwa dharura, namba 192, ilikuwa kubwa kweli. Kila umeme unapokatika ghafla diski inalazimika kurudisha vichwa mahali salama kwa nguvu iliyobaki kwenye mzunguko wa sahani, na kama ilikuwa inaandika, sekta ile inaweza kubaki nusu. Mwenye studio hakukosea kuushuku umeme. Swali ni kwa nini UPS, iliyonunuliwa kwa kazi hiyohiyo, ilikuwa haishiki.

UPS ilikuwa ndani ya kabati. Betri yake ni ya risasi na tindikali, na betri za aina hiyo zinapendelea nyuzi 25. Kanuni inayotumika na mafundi wa umeme ni kwamba kila ongezeko la nyuzi 10 hivi juu ya hapo hupunguza umri wake kwa nusu. Kwenye nyuzi 42, betri ya kuishi miaka mitatu au minne haimalizi mwaka mmoja na nusu. Nilipoifungua ilikuwa imevimba mbavu. Kwa hiyo washukiwa wawili, joto na umeme, walikuwa wametoka kwenye mlango mmoja: kabati liliichosha diski moja kwa moja, kisha likaiua betri iliyokuwa inailinda diski dhidi ya umeme.

Kuokoa kilichobaki

Kabla ya chochote niliwaomba wazime. Diski inayogonga haichunguzwi kwa kuiwasha mara kwa mara. Ule utafiti wa Google uliona kwamba diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza la usomaji ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Hii ilikuwa imeshavuka hapo kitambo.

Kuna mtu aliwashauri waiweke kwenye friza usiku mmoja. Tafadhali msifanye hivyo. Diski ya kawaida ina kitundu chenye kichujio kinachosawazisha hewa ya ndani na ya nje. Ukiitoa kwenye friza na kuiweka chumbani, unyevu wa hewa unageuka matone juu ya ubao wa vifaa na hata ndani. Karatasi ya vipimo inaruhusu unyevu mwingi tu, hadi asilimia 90 na kitu, kwa sharti usigeuke matone.

Nilichofanya ni kuitoa diski, kuilaza juu ya meza, kuiwekea feni ya sentimita 12 iipulizie, na kunakili kwa ddrescue. Programu hiyo huchukua kwanza maeneo yanayosomeka kirahisi, inaruka mabovu, na kuyarudia mwishoni huku ikiandika ramani ya ilipofika. Kwenye nyuzi 36, kwa upepo wa chumba cha Mbeya, diski ileile iliyokuwa inakwama kila ikifika saa nne asubuhi ilisoma kwa utulivu kwa sehemu kubwa. Harusi zote zilipatikana, baadhi zikiwa na fremu zilizoharibika hapa na pale. Sendofu moja ilikuwa kwenye eneo bovu kabisa na sehemu yake kubwa haikurudi. Mwenye studio alimpigia simu mama wa binti mwenyewe, siku hiyohiyo, kabla hajaulizwa. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Lililobadilishwa

Kufuli ilibidi ibaki. Tulimwita fundi wa kuchomelea, akatengeneza kizimba cha nondo nyembamba na wavu wa chuma, kikafungwa ukutani kwa boliti. Kompyuta imekaa humo, imeinuliwa kidogo kutoka sakafuni ambako vumbi ni jingi, na mwizi bado ana kazi ya kufanya. Diski zimeachanishwa kishikio kimoja katikati, na mbele yake imewekwa feni inayopuliza moja kwa moja. UPS, yenye betri mpya, imetolewa ikakaa chini ya meza peke yake. Kitambaa kimeondolewa. Badala yake kuna chujio jembamba mbele ya feni, na kuanzia Julai hadi mvua za Novemba kijana analipangusa kila Jumamosi. Kelele zimepungua zenyewe, kwa kuwa feni hazina tena sababu ya kuzunguka kwa nguvu zote.

Vipimo vya sasa, katika kurenda kwa siku nzima: chumba 18, diski ya kazi kati ya 37 na 40. Asubuhi inaanzia 14 au 15, na inachukua zaidi ya saa mbili kufika juu. CrystalDiskInfo imewekewa king'ora cha nyuzi 47. Kila kazi ina nakala ya pili kwenye diski ya nje inayolala nyumbani kwa mwenye studio, na memori kadi za kamera hazifutwi mpaka mteja atie saini kwamba amepokea.

Mwenye studio aliuliza kama ahamie kwenye SSD, yaani diski ya chipu, moja kwa moja ili aachane na haya. Nilimshauri aiweke kwa mfumo wa kompyuta na kwa kazi zinazohaririwa, kwa sababu ya kasi na kwa kuwa haina sahani zinazozunguka. Kwa hifadhi ya miaka, diski za kawaida zinambebea nafasi kubwa kwa bei anayoimudu. SSD nayo huruhusiwa hadi nyuzi 70 tu kwa kawaida, na ndani ya lile kabati ingepunguza kasi yenyewe kujinusuru.

Jambo moja liliibuka pembeni na sikutaka lipite. Studio hii hupata harusi za Kyela. Wanatoka Mbeya alfajiri, laptop na diski za nje zikiwa zimelala kwenye gari kwenye nyuzi 8 au 9, na kabla ya saa nne wako karibu na ziwa, kwenye hewa ya joto yenye unyevu mwingi. Wakifungua begi na kuwasha palepale, wanawasha kifaa chenye umande. Sasa vifaa vinasafiri ndani ya begi lililofungwa na havitolewi mpaka vizoee joto la ukumbini, saa moja hivi au zaidi. Kwa walioko Makete na Njombe, ambako Julai asubuhi hukuta barafu kwenye majani, tahadhari ni ya upande wa pili: diski ya kuanzia nyuzi 5 isiwashwe chumba kikiwa chini ya hapo. Mwinuko wenyewe hauna tatizo. Diski nyingi zinaruhusiwa hadi mita 3,048, na hata kilele cha Mlima Rungwe, karibu mita 2,960, kiko chini ya hapo.

Imebaki diski ya tatu, ile ya chini iliyobeba mfumo. Historia yake inaonyesha iliwahi kufika nyuzi 61, na imehesabu mara kadhaa za kuvuka mpaka. Sekta zake zote ni nzima mpaka leo. Hilo halinitoshi kuiamini, kwa kuwa kwenye uchunguzi wa Google zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha alama yoyote kati ya zile nne kubwa za hatari. Tumeitoa kwenye kazi ya mfumo. Inatumika kwa mafaili ya muda ya kurenda tu, yale ambayo yakipotea yanatengenezwa upya siku hiyohiyo, na imebandikwa karatasi nyekundu ili asije mtu akaweka harusi humo.